Kijiji Kilitangulia Shamba: Asili ya Kilimo na Makazi ya Kudumu

Wanafunzi wanaokuja kutembelea makumbusho huwa na mpangilio mmoja kichwani. Hapo kale watu waliwinda na kuokota matunda, siku moja wakagundua kwamba mbegu ikidondoka chini huota, wakaanza kulima, na kwa kuwa shamba halihami, nao wakaacha kuhamahama wakajenga vijiji. Ni mpangilio mwepesi kukariri, na mitihani inaupenda. Lakini udongo hauukubali. Tukichimba kwa makini tunakuta mambo yamefuatana vingine: kuna mahali watu walitulia kwanza na kilimo kikaja baada ya miaka elfu kadhaa, na kuna mahali walifuga kwanza, wakalima baadaye sana, na kijiji cha nyumba za kudumu kikawa cha mwisho kufika. Sisi wa Afrika Mashariki tumo katika kundi hili la pili. Nitaanzia Mashariki ya Kati, ambako umechimbwa ushahidi ulio miongoni mwa ule wa zamani zaidi wa kilimo, kisha nirudi nyumbani.

Waliotulia bila kulima

Mwaka 1989 maji ya Ziwa Galilaya yalipungua kupita kawaida, na kwenye ufuo uliokauka yakaonekana mabaki ya kambi yenye umri wa miaka 23,000 hivi. Mahali hapo panaitwa Ohalo II. Tope lilikuwa limekifunika kila kitu na kuzuia hewa, kwa hiyo vitu ambavyo kwa kawaida huoza vilisalia: misingi ya vibanda vya matawi, nyasi zilizotandikwa kwa kulalia, mifupa ya samaki, na mbegu kwa makumi ya maelfu, zikiwamo punje za shayiri mwitu na ngano mwitu. Ndani ya kibanda kimoja lilikutwa jiwe la kusagia lililobaki na chembe za wanga wa nafaka. Yaani watu walikuwa wakisaga nafaka zaidi ya miaka 10,000 kabla ya kuwapo mkulima.

Hapo ndipo hadithi ya kugundua mbegu inapoanguka. Mtu anayeishi kwa kuokota mbegu, akijua ni mwezi gani hukomaa na ni bonde gani hustawi, hawezi kukosa kujua kwamba mbegu huota. Maarifa yalikuwapo. Kilichokosekana ni sababu ya kujitwika kazi ya kulima wakati porini kulikuwa na chakula. Katika miaka ya 1960 Jack Harlan, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alikwenda kwenye miteremko ya Karacadağ, kusini-mashariki mwa Uturuki, ambako ngano mwitu bado inaota yenyewe kwa wingi. Akavuna kwa mkono na kwa mundu wenye meno ya jiwe, akapata zaidi ya kilo 1 ya nafaka safi kwa saa. Alikadiria kwamba familia inayojua kazi, ikivuna kwa wiki 3 hivi, ingeweza kukusanya nafaka nyingi kuliko inayoweza kula mwaka mzima. Mwenye ghala la namna hiyo lililojazwa na mvua, alime nini?

Ndivyo walivyoishi Wanatufi, kati ya miaka 14,500 na 11,500 iliyopita hivi, katika nchi ambazo leo ni Israel, Palestina, Jordan, Lebanon na Syria. Jina hilo walipewa na mwanaakiolojia Mwingereza Dorothy Garrod, aliyechimba pango la Shukba kwenye bonde la Wadi an-Natuf mwaka 1928. Katika kijiji chao cha Ain Mallaha tunaona nyumba za mviringo zilizochimbiwa kidogo ardhini, kuta za mawe, na vinu vya mawe ambavyo hakuna mtu angejibebesha akihama. Waliwinda swala, waliokota nafaka na karanga za porini, na mbwa alikuwa ameshaingia nyumbani: kaburi moja la Ain Mallaha lina mtu mzima aliyelazwa mkono ukiwa juu ya mtoto wa mbwa. Kaskazini-mashariki mwa Jordan, mahali paitwapo Shubayqa 1, ndani ya jiko la mawe zilikutwa chembe za mkate ulioungua, zenye umri wa miaka 14,400 hivi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Mkate huo uliokwa miaka ipatayo 4,000 kabla ya kilimo.

Tunajuaje kwamba watu hawa walikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, badala ya kufika kila msimu na kuondoka? Ushahidi mmoja ninaoupenda sana ni wa panya. Vinywa vya panya vina magego madogo yanayodumu ardhini, na kutokana na umbo la gego mtaalamu hutambua ni panya wa aina gani. Kuna panya mdogo wa nyumbani, anayeishi kwa makombo na nafaka za watu, na kuna ndugu yake wa porini anayefanana naye sana. Watafiti waliopima magego kutoka tabaka mbalimbali za vijiji vya Kinatufi waligundua kwamba watu walipokaa kwa muda mrefu, panya wa nyumbani alitawala, na walipoanza kuhama tena mara kwa mara, wa porini alirudi. Panya wa nyumbani alianza kushinda miaka 15,000 hivi iliyopita. Ili kuwa na uhakika, watafiti hao walikuja kusini mwa Kenya, wakatega panya kwenye maboma ya Wamasai na porini kando yake, maana Wamasai wa eneo hilo hukaa kwa muda kisha huhama kufuata malisho. Wakakuta panya wa aina mbili za karibu wakigawana eneo kwa namna hiyohiyo, mmoja akistawi zaidi kwenye makazi ya watu. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Boma la Mmasai limetusaidia kuelewa kijiji cha miaka 15,000.

Suke lisilopukutika

Kilimo chenyewe kinaonekana wapi basi? Kinaonekana kwenye kiungo kimoja kidogo cha suke, ambacho mwenye darubini anaweza kukisoma vizuri.

Suke la ngano mwitu likikomaa hujivunja lenyewe. Kila kishada cha punje huachia pale kilipoungana na kingine, kinaanguka, na mmea umejipanda. Mahali kilipoachia panabaki kovu laini. Katika kila kundi kubwa la ngano mwitu, hata hivyo, huzaliwa mimea michache yenye kasoro: kiungo chake ni kigumu, suke linakomaa na kukauka likiwa zima. Porini kasoro hiyo ni kifo, kwa sababu mbegu hazisambai. Lakini mtu akija na mundu, masuke mazuri yameshapukutisha nusu ya punje, na lile lenye kasoro ndilo linalofika nyumbani kamili. Akipanda sehemu ya mavuno yake msimu unaofuata, na mwingine, na mwingine, masuke yasiyopukutika yanaongezeka hadi yanatawala shamba. Sasa ngano haiwezi tena kujipanda. Lazima ipurwe na ipandwe na mkono wa mtu. Kovu la kiungo kilichovunjwa kwa kupurwa ni la kuparuza, na kovu hilo ndilo tunalolitafuta kwenye makapi yaliyoungua. Mtama, uwele na mpunga vilipita njia hiyohiyo. Hakuna aliyekusudia kuuzalisha mmea mpya. Ulitokana na uvunaji wa kila mwaka.

Mwaka 1990 wataalamu Gordon Hillman na Stuart Davies walikokotoa kwamba, mtu akivuna kwa mundu na kupanda kila mwaka, badiliko hili lingeweza kukamilika chini ya miaka 200. Machimbo yanasema lilichukua zaidi ya miaka 1,000. Nadhani tofauti hii inatufundisha jambo kuhusu wale watu: walivuna nafaka ingali mbichi kabla haijapukutika, waliokota iliyoanguka, na mwaka wa mavuno mabaya walirudi porini kuchukua mbegu upya. Kwa vizazi vingi kilimo kilikuwa kazi ya pembeni ya watu walioendelea kuwinda na kuokota. Hakuna kizazi kilichojiona kinavuka kutoka zama moja kwenda nyingine.

Kuhusu kilichowasukuma, wataalamu bado wanabishana. Kati ya miaka 12,900 na 11,700 iliyopita dunia ilirudi kwenye baridi na ukame. Hillman, aliyechunguza mbegu za Abu Hureyra kwenye Mto Furati nchini Syria, aliona kwamba njaa ya kipindi hicho ndiyo iliyowalazimisha watu kuanza kupanda. Wengine wanaona kwamba mashamba yalienea baada ya hapo, hali ya hewa ilipotulia na mvua kuweza kutegemewa. Mimi naegemea upande huu wa pili. Mtu anaweza kupanda kwa sababu ya njaa, lakini hatapanda miaka 1,000 mfululizo mahali ambapo mvua inamwangusha kila baada ya misimu michache. Kwa vyovyote, kufikia miaka 10,500 hivi iliyopita ngano, shayiri, adesi, njegere na dengu vilikuwa vimekwisha kuwa mazao ya shamba, na mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe walikuwa njiani kuingia zizini.

Kwenye Göbekli Tepe, kusini-mashariki mwa Uturuki, watu walioishi kwa nyama ya wanyamapori na nafaka mwitu walichonga nguzo za mawe zenye urefu wa hadi mita 5.5, wakazisimamisha kwa duara na kuzipamba kwa nyoka, mbweha na ndege. Klaus Schmidt alianza kupachimba mwaka 1995. Yeriko, iliyochimbwa na Kathleen Kenyon katika miaka ya 1950, ilijenga mnara wa mawe wa mita 8.5 hivi wenye ngazi ndani, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita. Kazi kubwa ya pamoja haikusubiri shamba likomae.

Gharama iliyoandikwa mifupani

Abu Hureyra ilichimbwa mwaka 1972 na 1973, haraka haraka, kwa kuwa bwawa la Tabqa lilikuwa likijengwa na leo mahali pale pako chini ya maji. Miongoni mwa vilivyookolewa ni mifupa ya wanakijiji. Theya Molleson wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London aliichunguza akakuta jambo lililojirudia: kidole gumba cha mguu kimepinda na kulika kwenye kiungo, magoti yamechakaa, na pingili za chini za uti wa mgongo zimeharibika. Alijiuliza ni kazi gani inayomfanya mtu akunje vidole vya miguu chini yake na kusukuma mwili mbele na nyuma kila siku kwa miaka. Jibu lilikuwa kwenye sakafu za nyumba zao: jiwe la kusagia lililowekwa chini. Anayesaga hupiga magoti, hushika jiwe dogo kwa mikono miwili, husukuma mbele kwa uzito wa kiwiliwili na kuvuta nyuma. Mifupa iliyoathirika zaidi ilikuwa ya wanawake. Meno nayo yalikuwa yamesagika na hata kuvunjika, kwa sababu unga ulibeba mchanga wa jiwe.

Nimekaa na wanawake wazee wanaojua kusagia jiwe, na nikiwaonyesha picha za mifupa hiyo hawahitaji maelezo. Hushika kiuno. Kwa hiyo ninaposoma maandishi yanayosifu kilimo kuwa ni ushindi wa binadamu dhidi ya njaa, nakumbuka kwamba ushindi huo ulikuwa na mabega na magoti ya watu fulani, na kwa sehemu kubwa walikuwa akina mama na mabinti.

Vijiji vilivyofuata vilikuwa vikubwa na vyenye msongamano. Çatalhöyük, katikati ya Uturuki, kilichoanza miaka 9,000 hivi iliyopita, kilikuwa na watu kwa maelfu katika nyumba zilizobanana bila mitaa. Mtu aliingia kwake kwa kupitia paa, na wafu walizikwa chini ya sakafu ya chumba wanacholala walio hai. Mifupa yao ina meno yaliyooza kwa wanga mwingi na dalili za maambukizi. Walaji wa nafaka moja au mbili, wenye mifugo na takataka karibu, waliugua kwa namna ambayo wawindaji waliosambaa hawakuijua.

Mbona hawakuacha? Mama anayehama hubeba mtoto mmoja na humnyonyesha kwa muda mrefu, na watoto hupishana miaka mingi. Mama aliyetulia, mwenye uji laini wa kumwachisha mtoto ziwa, huzaa mapema zaidi. Kijiji kiliwaua watoto wengi kwa magonjwa, lakini kilizaa wengi zaidi. Baada ya vizazi kadhaa watu walikuwa wengi kuliko ambao swala na nafaka mwitu wangeweza kuwalisha, na kurudi nyuma kusingewezekana.

Mashariki ya Kati haikuwa peke yake. Mahindi yalitokana na nyasi ya Mexico miaka 9,000 hivi iliyopita, mpunga ulikuzwa kwenye bonde la Mto Yangtze nchini China, na huko Kuk, kwenye nyanda za juu za Papua New Guinea, watu walipanda ndizi miaka karibu 7,000 iliyopita. Kila moja ya safari hizo ilifika hadi sahani ya Mwafrika Mashariki, mahindi yakiwa mgeni wa juzi tu, baada ya mwaka 1500. Lakini Afrika haikukaa kusubiri kuletewa.

Afrika: ng'ombe kabla ya jembe

Sahara haikuwa jangwa siku zote. Kwa miaka elfu kadhaa, hadi kama miaka 5,000 iliyopita, ilikuwa na maziwa, mito na mbuga. Watu wa Ounjougou, nchini Mali, walifinyanga vyungu zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, bila shamba lolote. Nabta Playa, kusini mwa Misri, miaka 8,000 hivi iliyopita kulikuwa na vibanda na mashimo ya kuhifadhia, na ndani yake kulikuwa na mtama mwitu. Kando ya Ziwa Turkana wavuvi walichonga vyusa vya mfupa na kuishi kwa samaki vizazi kwa vizazi. Waafrika hawa walikuwa na chungu, chusa na nafaka, na bado hawakulima.

Walichokishika kwanza ni mfugo. Mwaka 2002 Fiona Marshall na Elisabeth Hildebrand walieleza sababu ambayo mfugaji yeyote wa nyanda kavu ataikubali. Sahara ilipoanza kukauka, mvua ilinyesha huku ikiruka kule, mwaka huu hapa, mwaka ujao bonde la tatu. Kilichotafutwa na watu hawa ni chakula cha uhakika kuliko chakula kingi. Shamba la mtama likikosa mvua limekwisha. Ng'ombe ni ghala linalotembea: mvua ikinyesha ng'ambo, anapelekwa ng'ambo. Kwa hali hiyo kuhama ilikuwa ndiyo busara, na kutulia ndiko kulikokuwa hatari.

Wafugaji hao walifika Ziwa Turkana kama miaka 5,000 iliyopita, wakati maji ya ziwa yakishuka kwa kasi. Hapo wakafanya jambo linalofanana na lile la Göbekli Tepe, ingawa hawakuwa na uhusiano wowote na wajenzi wake. Lothagam Kaskazini, upande wa magharibi wa ziwa, walijenga jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi, wakasimamisha nguzo za mawe, na katikati wakazika ndugu zao kwa karne kadhaa. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2018 walikadiria kwamba wamezikwa pale watu wasiopungua 580, wanaume kwa wanawake, wachanga kwa wazee, na karibu kila mmoja akiwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, za mifupa, za maganda ya mayai ya mbuni. Hakuna kaburi la mkubwa aliyewazidi wengine. Watu wanaohama, wasio na mfalme wala mji, walijenga kitu kinachosimama hadi leo.

Kutoka Turkana kwenda kusini mifugo ilisonga polepole. Diane Gifford-Gonzalez ameeleza kwamba walikwamishwa na magonjwa: nagana ya mbung'o, ndigana kali ya kupe, na homa ambayo ng'ombe huambukizwa na nyumbu msimu wa nyumbu kuzaa, ile ambayo Wamasai huikwepa hadi leo kwa kuondoa mifugo kwenye mbuga wanapozalia nyumbu. Ilibidi watu wajifunze nchi, bonde kwa bonde. Kufikia miaka 3,000 iliyopita walikuwa Luxmanda, kwenye uwanda wa juu wa Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, makazi makubwa ya wafugaji wa kale, na hadi sasa ni ya kusini zaidi yanayojulikana ya wakati huo. Mabaki ya mtu mmoja aliyezikwa hapo miaka 3,100 hivi iliyopita yalipimwa vinasaba, na matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya nasaba yake inahusiana na wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Kati, sehemu iliyobaki ikiwa ya Afrika Mashariki. Damu ya watu wa vijiji vile vya ngano ilifika Mbulu baada ya maelfu ya miaka, kupitia vizazi vya wafugaji, na ngano yenyewe haikufuatana nayo.

Ufugaji uliibadilisha pia miili yetu. Watu wengi duniani wakishakua hawawezi kumeng'enya maziwa mabichi vizuri. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliofanya kazi na jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba uwezo huo wa utu uzimani ulizuka Afrika Mashariki kwa badiliko lake lenyewe la vinasaba, tofauti na la Ulaya, kati ya miaka 7,000 na 3,000 hivi iliyopita. Ardhi nayo ilibadilika. Kusini-magharibi mwa Kenya kuna viduara vya majani mabichi yenye rutuba, vinavyoonekana hata kwenye picha za setilaiti. Vikichimbwa, chini yake kuna samadi ya mazizi ya miaka 1,500 hadi 3,700 iliyopita. Mfugaji aliondoka, zizi likaoza, na nyumbu na swala bado wanafaidi majani yake.

Mazao yalikuja baadaye, na mengi ni ya bara letu. Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, kabla ya mwaka 3000 KK. Tunajua hivyo kwa sababu wafinyanzi wa pale walichanganya makapi na udongo, makapi yakaungua ndani ya chungu na kuacha alama. Kwenye alama hizo kuna makovu ya kuparuza ya masuke yaliyopurwa, pamoja na ya mtama mwitu, ishara kwamba mmea ulikuwa katikati ya safari yake. Uwele ulishakuwa zao kaskazini mwa Mali mnamo mwaka 2500 KK. Karibu mwaka 2000 KK nafaka hizi za Kiafrika zilikuwa zimeanza kufika India.

Kwetu, ushahidi ulikuwa haba kwa miaka mingi, na sababu mojawapo ni ya kusikitisha: wachimbaji wa zamani walitafuta mawe na mifupa, udongo wenye mbegu wakautupa. Mbegu haidumu ardhini ila ikiungua bila kuwa jivu. Leo udongo wa jikoni na wa mashimo ya taka humiminwa taratibu kwenye pipa la maji. Mchanga huzama, punje zilizoungua huelea, zikakingwa kwa kitambaa chembamba na kuanikwa kivulini. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na hiyo ndiyo iliyoleta habari kutoka Kakapel, pango la miamba katika kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yanaonyesha kunde za miaka 2,300 hivi iliyopita, kisha mtama, na ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, ukishika nafasi kubwa miaka 1,000 hivi iliyopita. Kunde ilitoka upande wa magharibi, mtama ukashuka kutoka kaskazini-mashariki, na ulezi ni mwenyeji wa nyanda zetu za juu. Shamba la Busia lilikuwa mchanganyiko tangu mwanzo, likiongezewa zao kila wageni walipofika.

Katika milenia hizo hizo wafinyanzi wa vyungu vya mtindo uitwao Urewe na wafua chuma walijenga vijiji kuzunguka Ziwa Viktoria, na kilimo kikasonga hadi pwani. Hakikumfuta kila mtu. Wawindaji, wafugaji na wakulima waliishi jirani kwa karne nyingi, wakibadilishana ngozi, asali, nafaka na wake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoendelea kuwinda na kuchimba mizizi, hawapaswi kuitwa mabaki ya zama za mawe. Wamezungukwa na wafugaji na wakulima kwa muda mrefu, na maisha wanayoyaishi ni ya leo.

Ombi la makumbusho

Sehemu kubwa ya habari hii bado imelala kwenye mashamba ya wasomaji. Kila msimu wa kulima trekta na majembe huibua mawe ya kusagia, vigae vya vyungu na shanga za maganda ya mbuni, na vingi huishia kwenye msingi wa nyumba au kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 zinavilinda vitu hivyo, lakini sheria haiwezi kufika kila kitongoji. Ukikuta jiwe la kusagia, usilioshe wala usilisugue. Chembe za wanga zilizonasa kwenye vitundu vyake ndizo zitakazotuambia kama lilisaga ulezi, mtama au mizizi ya porini, na maji ya sabuni huziondoa zote. Liache lilivyolala, piga picha kabla hujaligusa ukiweka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, andika jina la kitongoji na la mto au mlima ulio karibu, kisha mjulishe ofisa utamaduni wa wilaya au makumbusho iliyo jirani nawe. Kama kuna udongo mweusi wa majivu hapo chini, ufunike kwa udongo ule ule na umwombe mwenye trekta apite kando hadi tufike.